Kinywa cha Mashine ya Akiba

Noa alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kuitia shaka: mashine haina chuki. Mtu anaweza kukununia bila sababu, lakini mashine ikikataa, sababu ipo, na fundi ni yule anayekaa nayo mpaka aione. Aliyasema hayo mara nyingi dukani kwa Bwana Khozema Rehmatulla, Barabara ya Nane, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka ng'ambo ya barabara. Na ng'ambo, Mastura, muuza bagia, aliyasikia akayashika. Ndiyo maana Ijumaa ile, mashine ilipokataa kwa mara ya tatu mbele ya wateja, Mastura ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama fundi keshaiona sababu au bado anakaa nayo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Viwanda vya Tanga vilikuwa vimefunga milango kimoja baada ya kingine, na Noa alitoka katika kimojawapo, alikokuwa akijifunza umeme, na bisibisi mbili mfukoni badala ya kiinua mgongo. Tangu hapo alikuwa akitengeneza redio za watu barazani kwa mama yake, mtaa wa Nguvumali. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kufungua zile zilizokufa, maana za kufa hakuna anayemkataza mtu.

Duka la Bwana Khozema liliuza daftari, kalamu na karatasi za ofisi. Lilikuwa na mashine ya fotokopi na kompyuta moja ya kuchapia barua. Hiyo ya barua ilibandikwa mgongoni karatasi isemayo kwamba atakayeifungua amepoteza dhamana, na Bwana Khozema aliiheshimu karatasi ile kuliko sheria za manispaa. Lakini kulikuwa na kompyuta ya pili, ya akiba, aliyoinunua mnadani siku shamba moja la mkonge la upande wa Muheza lilipouza vitu vya ofisi yake. Ilikuja na namba ya shamba ubavuni, kwa rangi nyeupe. Baba yake Noa alishuka kutoka Usambaa akakata mkonge kwenye shamba hilo hilo miaka kumi na tisa, mpaka alipofariki, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka kizingiti cha ofisi ile. Noa alipoiona namba alipitisha kidole juu yake.

Kilichomwita dukani ni sidii moja. Binti wa Bwana Khozema, Nazlin, anayesoma Nairobi, aliituma ndani ya bahasha pamoja na barua. Alieleza kwamba ndani ya sidii hiyo umo mfumo uitwao Linux, haununuliwi wala hauombwi kibali kwa mtu, na pamoja nao michezo arobaini: magari ya mashindano, ndege za kupigana, drafti, karata na mingine. Baba yake aiweke kwenye ile kompyuta inayokula vumbi, aisogeze dirishani, aone kama wanafunzi wa mji mzima hawatahamia dukani kwake. Bwana Khozema alimwita Noa, akampa ahadi mbele ya mama yake yeye Khozema. Mashine ikikubali, meza iliyo karibu na mlango itakuwa ya Noa, na juu yake kutapigwa kibao chenye jina lake: Noa, Fundi Kompyuta.

Noa hakuwahi kuona jina lake limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye cheti cha kipaimara. Usiku ule hakupata usingizi.

Jumatatu ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Mashine ilikuwa ya zamani, haikujua kuanza kwa sidii, kwa hiyo aliianzisha kwa flopi, kisha akaingiza sidii ndani ya sidiromu, kile kidroo kinachotoka na kurudi. Ikasoma. Mstari wa buluu ukatambaa kwenye kioo, robo, nusu, theluthi mbili, na hapo umeme ukakatika mtaa mzima mpaka jioni. Hakuna aliyemlaumu. Umeme wa Tanga ulikuwa na tabia zake, kila mtu alizijua. Bwana Khozema alisema wairudie Ijumaa asubuhi, yeye mwenyewe akiwepo, kwa sababu anataka kuiona ikizaliwa.

Jumatano Noa alikuwa akipanga nyaya pale, na Bi Nurbanu akaja kumtazama. Huyo ndiye mama yake Bwana Khozema, mwanamke mfupi wa miaka sabini, aliyevaa rida, vazi la wanawake wa Kibohora, la rangi ya waridi na kukaa nyuma ya kaunta na tasbihi yake tangu duka linapofunguliwa. Siku ya kwanza kabisa Noa alipomwamkia shikamoo bibi, alimjibu marahaba, akamwambia amwite mama, bibi ni wa wajukuu. Kila saa nne alimletea chai ya iliki na kachori mbili, na kama Noa ameinamia kazi alizifunika kwa kisahani, akakaa kuzilinda nzi.

Siku hiyo Bi Nurbanu alikuwa na wasiwasi. Wapita njia walikuwa wakisimama dirishani kuitazama ile mashine, na jicho la watu, alisema, halihitaji kuwa baya ili lidhuru. Akamuuliza Noa kitu hiki kinakula wapi. Noa akacheka. Akamwonyesha pa kuwashia, kisha kitufe cha sidiromu, akamwambia abonyeze. Kidroo kikatoka taratibu kama ulimi. Bi Nurbanu akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani, halafu akakibonyeza tena kikarudi. Alifanya hivyo mara sita, anacheka kama msichana. Noa alisimama pembeni ameweka mikono kiunoni, anajiona yeye ndiye aliyeivumbua kompyuta.

"Basi hiki ndicho kinywa chake," Bi Nurbanu akasema.

"Ndicho, mama. Kila kinachoingia, kinaingilia hapo."

Alhamisi saa kumi jioni Noa aliondoka kama desturi kwenda mazoezi ya kwaya, kanisani kwao Walutheri, na duka likabaki na wenyewe. Ijumaa asubuhi akaikuta mashine imefunikwa shuka jeupe safi, akashukuru moyoni kwamba kuna mtu anayejali vumbi. Akaondoa shuka, akaanzisha flopi, akaingiza sidii. Sidiromu ikakoroma, ikazunguka, ikasita, ikakoroma tena. Kwenye kioo ikaja mistari ya Kiingereza, mmoja juu ya mwingine, yote ikisema jambo lile lile: haiwezi kusoma. Alijaribu mara tano. Bwana Khozema alisimama nyuma yake mpaka ya tano, akarudi kaunta.

Kwanza Noa aliituhumu sidii. Akaomba iingizwe kwenye kompyuta ya barua, ile yenye karatasi mgongoni, na huko ikasomeka kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Akautuhumu umeme, akaleta stebilaiza ya kuutuliza, hali ikawa ile ile. Akakumbuka chumvi ya hewa ya Tanga inavyokula shaba, akachomoa kadi moja moja pamoja na vipande vya kumbukumbu, akasugua meno yao kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'aa. Jumanne akajaribu tena mbele ya Bwana Khozema. Ikakataa.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na kosa lenyewe lilikuwa la kiburi. Aliona kilichobaki ni sidiromu yenyewe. Mtaa wa Mabawa kulikuwa na fundi mmoja Mbondei, Tadeo, aliyekuwa na sidiromu nzuri ya kujaribia. Noa angeweza kumwambia Bwana Khozema kwamba anakwenda kuazima. Lakini fundi ambaye jina lake linakaribia kupanda kwenye kibao hataki kuonekana anaazima. Kwa hiyo Jumatano, wakati Bwana Khozema amekwenda benki, aliichomoa sidiromu ya mashine, akaifunga kwenye gazeti akampelekea Tadeo aichunguze, akarudi na ile ya Tadeo akaifunga mahali pake. Alhamisi mchana aliijaribu kimyakimya. Ilisoma sidii kama maji ya kunywa. Akaizima, akakunja nyaya, akatangaza kwa Bwana Khozema, kwa Bi Nurbanu na kwa Mastura wa ng'ambo kwamba kesho saa tatu waje waone. Saa kumi akaenda kwaya, akaimba sauti ya pili kwa nguvu mpaka mwalimu akamwomba apunguze.

Na Ijumaa, mbele ya wateja saba, mashine ikakoroma, ikasita, ikaandika mistari ile ile.

Noa aliisoma mistari mpaka mwisho. Sidiromu nyingine kabisa, iliyosoma jana mchana kwa macho yake, leo haioni kitu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona jambo kama hili. Alitoa sidii akaifuta kwa kifua cha shati, akairudisha. Ikakataa. Mtu mmoja kwenye foleni ya fotokopi akacheka kwa pua. Ndipo Mastura akauliza swali lake kutoka ng'ambo, na watu wakacheka wazi.

Bwana Khozema hakucheka. Alikuwa ameinama, miwani puani, anatazama uso wa sidiromu. Ile yake ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyolala. Hii ilikuwa ya kijivu.

"Fundi," alisema taratibu, "sidiromu yangu iko wapi?"

Noa akaeleza. Akasema iko Mabawa, kwa Tadeo, anaichunguza. Lakini maelezo yanayotolewa baada ya kuulizwa yana harufu yake, na hata yeye aliisikia. Bwana Khozema akauliza nani alimruhusu. Akauliza tena, akiona nzuri yake imetolewa na mbovu imefungwa, yeye kama mfanyabiashara afikiri nini? Mafundi wa aina hiyo alishawaona. Wanakuja kutibu saa, wanaondoka na moyo wa saa.

"Kesho saa tatu iwe hapa," alisema. "Isipokuwepo, nitapita duka kwa duka, tangu Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini, niwatajie jina lako. Si ulitaka lijulikane?"

Noa alitazama kaunta. Bi Nurbanu alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Macho yake yalikuwa na majonzi ya mtu aliyempikia mgeni na mgeni akamwibia kijiko. Hilo ndilo lililomchoma. Alitoka bila kuaga.

Alikwenda Mabawa kwa miguu, jua likiwa utosini, anapanga maneno makali ya kumjibu Bwana Khozema na kuyapangua. Alimkuta Tadeo amekaa kizingitini mwa kibanda chake, sidiromu imefunguliwa mapajani.

"Mghosi," Tadeo alisema, kama wanavyoitana wanaume wa bara ya Tanga wakiheshimiana, "huyo Mhindi wako anavuta sigara pakiti ngapi kwa siku?"

"Havuti. Pale hakuna anayevuta."

"Basi wanavutia ndani ya mashine. Tazama."

Akamwonyesha lenzi, kile kijicho kidogo cha kioo ambacho ndicho kinachosoma sidii. Alishakisafisha, lakini pamba aliyosafishia ilikuwa bado juu ya kopo la spiriti. Ilikuwa imeshika utomvu wa rangi ya asali, mzito, unaonata. Tadeo alisema katika miaka yake yote hajaona lenzi iliyoliwa hivi, kama mtu ameipaka gundi kwa brashi.

Noa akaichukua ile pamba, akaisogeza puani.

Tadeo akamuuliza kama yu mzima. Harufu ile aliijua. Alikuwa akiivuta kila siku kwa wiki mbili, imekaa dukani pamoja na harufu ya daftari mpya na wino wa fotokopi, ameizoea hata haisikii tena. Ulikuwa ubani.

Vitu vyote vikamjia kwa pamoja. Shuka jeupe la kila Ijumaa. Jivu la mkaa alilolifuta mezani kwa mkono wa shati, asijiulize mkaa umefikaje duka la daftari. Alhamisi jioni, wenye duka wanapokaribisha usiku wa Ijumaa, wakati yeye yuko kwaya. Aliona kana kwamba yuko pale: Bi Nurbanu amewasha mashine, amebonyeza kitufe, kidroo kimetoka. Ameweka chetezo chini yake, ametandaza shuka juu ya vyote viwili, kama wanawake wa pwani wanavyofukiza nguo za arusi, ili moshi usipotee, uingie wote. Na feni ya mashine inauvuta, inausukuma ndani. Kila mashine ilipokataa, mama yule aliona jicho la watu limezidi, na kila alipoona limezidi aliongeza ubani.

Na nani alimwonyesha kinywa? Nani alisimama pale na mikono kiunoni akamwambia kila kinachoingia kinaingilia hapo?

Noa akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamsimulia Tadeo yote. Tadeo alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akamwambia basi mambo yamekwisha, kesho abebe pamba ile akawaonyeshe.

"Nimwonyeshe nani? Nisimame mbele ya wateja niseme mama yake ndiye aliyeharibu? Yule mzee anaomba dua, Tadeo. Ndiyo dua yenyewe hiyo hapo kwenye pamba."

Tadeo akaanza kurudisha skrubu za sidiromu, moja baada ya nyingine. "Sasa nikuulize, mghosi," alisema bila kuinua macho. "Jina litakalotajwa Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini ni la nani? La yule mama?"

Jumamosi saa tatu Noa aliingia dukani na sidiromu mikononi, kwenye gazeti lile lile. Pamba alikuwa ameifunga ndani ya karatasi ya pakiti ya sigara aliyoiokota, akaitia mfuko wa shati. Zilikuwa siku za kufungua shule, duka lilijaa wazazi, na Mastura alikuwa ameacha bagia zake kwa jirani akaja eti kununua kalamu. Noa akamwamkia Bi Nurbanu. Alimjibu marahaba, lakini hakumwita mwanangu kama siku zote.

Aliweka gazeti juu ya kaunta, akalifungua. Alisema hii hapa, nzima, na ile ya Tadeo nayo si mbovu, zote mbili zilikuwa chafu tu. Akipewa nusu saa atasafisha na mashine itakubali. Alikuwa ameamua hivyo njiani: atasema uchafu, na ataishia hapo.

Bwana Khozema akaigeuza sidiromu upande huu na huu. "Uchafu gani? Mashine hii inafunikwa shuka. Mama yangu anaifunika kwa mkono wake. Wewe umeona watu wamekushtukia, umeirudisha, sasa unaniambia uchafu." Aligeuka kwa wateja kama anayetafuta mashahidi. "Jamani, mnamjua huyu? Anaitwa Noa, wa Nguvumali. Akija kwenu na bisibisi, hesabuni vitu vyenu kabla hajaondoka."

Noa alikuwa kijana wa hasira, na hasira yake ilikuwa na mkono wake wenyewe. Mkono ule ulikwenda mfukoni kabla hajaushauri, ukatoa karatasi, ukaifungua juu ya kaunta.

"Nusa," alisema.

Bwana Khozema akaichukua pamba kwa ncha za vidole. Akanusa. Noa alikuwa akimtazama usoni, na aliona wazi dakika ile ile alipojua. Paji la uso lilikunjuka, midomo ikafunguka kidogo, macho yakakimbilia kwa mama yake aliyekaa nyuma ya kaunta na tasbihi, yakarudi. Alijua kila kitu, mpaka shuka, mpaka Alhamisi. Noa akashusha pumzi. Alidhani sasa yamekwisha.

Bwana Khozema akaiweka ile pamba chini.

"Sigara," alisema kwa sauti ya duka zima. "Kijana huyu anavuta sigara juu ya mashine yangu. Hata karatasi aliyofungia ni ya pakiti ya sigara, tazameni wenyewe."

Mastura akaguna. Mtu mmoja akasema vijana wa siku hizi. Noa alikuwa tayari kwa tusi, alikuwa tayari hata kwa polisi, lakini kwa hili hakuwa tayari, kwamba mtu mzima aujue ukweli, aunuse kwa pua yake mwenyewe, kisha amtazame usoni na kuuzika. Hajavuta sigara hata siku moja, mwalimu wa kwaya angemtoa mapafu. Ulimi wake ulikuwa tayari. Neno moja tu lilitosha, na kila mtu mle dukani angeweza kuja kunusa akaamua mwenyewe.

Akamtazama Bi Nurbanu. Alikuwa akihangaika kuinuka, mkono kwenye ukingo wa kaunta, na juu ya kaunta, karibu na kiwiko chake, kulikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani. Ilikuwa bado saa tatu na nusu. Alikuwa ameshaiandaa, hata kwa mwizi.

Noa akafunga mdomo. Akaiacha sidiromu pale, akachukua mfuko wake wa bisibisi, akageuka kuelekea mlangoni. Alijua kuanzia leo jina lake limekwisha Tanga, itabidi aende Dar au Mombasa akaanze na jingine.

"Ngoja," Bi Nurbanu alisema. "Hiyo pamba. Nipeni nami ninuse."

Bwana Khozema akasema si kitu, mama, ni uchafu wa kiume. Akataka kuikunja ile karatasi. Mama yake akamshika kifundo cha mkono. Mwanamke yule hakumfika mwanawe hata begani, lakini Bwana Khozema aliiachia karatasi kama mtoto aliyekutwa na sukari. Mama akaichukua pamba, akaisogeza puani, akafumba macho.

Fotokopi ilikuwa imemaliza karatasi. Noa alimwona akinusa mara ya pili, kama mtu anayesoma barua upya kwa kutumaini amekosea. Alipofumbua macho uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Khozema," alisema, "huu ni wangu."

"Mama."

"Huu ni ubani wangu wa Alhamisi. Mimi ndiye ninayekifungua kile kinywa. Naweka chetezo, nafunika shuka, nakaa mpaka mkaa uzime. Juzi nilitia mara mbili, kwa sababu nilijua jana kutakuwa na watu." Aliwatazama wateja mmoja mmoja, hakumruka hata Mastura. "Nilitaka kuikinga. Kumbe naipofusha."

Bwana Khozema akaanza kusema kwamba hakuna aliyejua, kwamba jambo kama hili nani angelijua. Mama yake akamwacha amalize.

"Wewe ulinusa kabla yangu," alisema. "Pua yako imekua na ubani huu tangu unanyonya. Ulijua, ukamwita huyu mvutaji. Na huyu alijua, akachukua mfuko wake aende zake." Akaketi, akauvuta mtandio wa rida usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Noa alikuwa ameota haki yake usiku kucha, na sasa imekuja haina utamu wowote. Alisimama katikati ya duka, mfuko mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba isiyo yake. Mwishowe alikwenda pale kaunta akapiga goti moja ili aonekane chini ya mtandio.

"Mama, mimi ndiye niliyekuonyesha," alisema. "Nilikuwa najisifu."

Kisha akafanya kitu pekee alichokijua. Akafungua mashine, akachomoa ile ya Tadeo, akafunga ya rangi ya maziwa, akaunganisha nyaya. Wateja hawakuondoka, wala hakuna aliyeomba daftari. Flopi ikaanza, sidii ikaingia. Sidiromu haikukoroma. Mstari wa buluu ukatambaa, robo, nusu, theluthi mbili, na mara hii umeme ukawa na adabu. Ilipofika saa tano na robo, gari jekundu likatokea kwenye kioo, juu ya barabara ya kijani, linangurumisha injini kusubiri mtu wa kuliendesha. Wazazi walipiga makofi, wengine wakasukumana. Bwana Khozema aliangalia lile gari, akaangalia sakafu. Hakuomba radhi siku ile, wala baadaye. Ila Jumatatu yake Noa alikuta kibao kimepigwa juu ya meza ya mlangoni, na misumari imepinda miwili, kazi ya mtu asiyezoea nyundo. Na Mastura, ambaye hakukosa la kusema, alisema jina limeandikwa vizuri kuliko linavyostahili, kisha akamletea bagia nne bila kuombwa.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi kasoro, Noa alikuwa akikusanya bisibisi zake awahi kwaya. Bi Nurbanu alitoka uani amebeba chetezo, mkaa umeiva, ubani unaanza kulia juu yake. Aliifikia mashine, akasimama. Ilikuwa imefunikwa nailoni nzito, Bi Nurbanu mwenyewe amezifunga ncha zake kwa uzi. Akatazama moshi unavyopanda, kama mwenye zawadi asiyejua pa kuipeleka.

"Sasa huu niupeleke wapi?" aliuliza.

Noa aliangalia nailoni, akaangalia chetezo.

"Simama vizuri," Bi Nurbanu akamwambia. "Weka mfuko chini."

Akamzungushia chetezo mara tatu, taratibu, kuanzia magotini kwenda juu mpaka pale mkono wake ulipofikia, anasoma kwa midomo bila sauti. Noa alisimama wima kama nguzo, akikohoa kidogo, hajui kama Mlutheri anaruhusiwa hili wala nani wa kumuuliza. Nyuma ya kaunta Bwana Khozema alikuwa akipanga kalamu zilizokwisha kupangwa.

Kwaya ilikuwa imeanza alipofika, na sauti ya pili yote ikageuka kumnusa. Alipoingia nyumbani Nguvumali, mama yake, Kristina, alikuwa akichambua mchele ukumbini. Akainua pua, akamkagua mwanawe kuanzia kola hadi viatu, akamuuliza kama ametoka arusini kwa watu.

"Hapana, mama," Noa alisema. "Nimetoka kazini."